BODI ZA SAKETI: TUAGIZE UCHINA AU TUZIUNDE HUMU HUMU SHULENI?



Tangu muhula huu ufunguliwe, Chama cha Sayansi cha shule yetu kimegawanyika pande mbili, na wale wanaopita karibu na maabara saa kumi jioni bila shaka wamezisikia kelele zetu. Mgogoro wenyewe ni wa pesa. Tumetengewa shilingi 9,000 za kujiandaa kwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, yale ambayo wazazi wetu waliyajua kwa jina la Kongamano la Sayansi. Upande mmoja unataka pesa hizo zote zitumike kuagiza bodi za saketi kutoka kiwandani, Uchina. Upande wa pili, nami nimo, unasema tununue vifaa tuziunde bodi wenyewe humu humu shuleni, angalau zile za kwanza. Kabla ya kura kupigwa nimeonelea niyaandike maoni yangu, maana katika mikutano yetu anayesikika ni mwenye sauti kubwa, nami sauti yangu ni ya kawaida tu.

Huenda msomaji akauliza, "Mambo ya nyaya na Chama cha Kiswahili yamekutana wapi?" Swali zuri. Mwaka jana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimama mbele ya mashine yetu na kuwaeleza wageni inavyofanya kazi. Nilianza kwa Kiingereza cha vitabuni, wazee wakanitazama tu kama wanaotazama mvua. Nilipogeuza nikaeleza kwa Kiswahili, na Kikuyu kidogo cha kuongezea chumvi, mzee mmoja aliuliza maswali matano mfululizo, moja gumu kuliko jingine. Kumbe walikuwa na hamu muda wote! Basi na hapa nitaeleza vivyo hivyo, na anayejua neno zuri zaidi la hiki ama kile aniletee darasani, nitamshukuru.

Kwanza bodi yenyewe. Ukifungua redio iliyokufa utaona kibao chembamba, aghalabu cha kijani au cha kahawia, kilichotobolewa mashimo madogo madogo. Upande mmoja vimesimama vipuri: rezista, kapasita, transista na wenzao. Ukikigeuza utaona njia za shaba zilizolala bapa, zikipinda huku na kule kama barabara zetu za Kangema. Kila njia ni kama waya. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Fundi alilehemu waya mmoja baada ya mwingine, na tumbo la redio lilifanana na kiondo ambacho hakijamalizika kusukwa. Mtu aliyetutoa huko ni Paul Eisler, mhandisi wa Austria aliyehamia Uingereza mwaka 1936. Hakuwa na kazi wala kibali cha kufanya kazi. Akiwa katika nyumba ya kupanga huko Hampstead, London, ndipo alipoanza kuunda redio yenye saketi iliyochapwa juu ya bodi. Nawaomba wenzangu wa ule upande mwingine wakumbuke jambo hilo: bodi ya namna hii haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa chumbani kwa mtu asiye na kazi.

Sasa nije kwetu. Mashine yetu ni ya kuangua vifaranga. Si wazo jipya, najua, lakini hapa Murang'a nyumba isiyofuga kuku ni ya kutafutwa kwa tochi, na mashine za madukani zina bei ya kumfanya mfugaji mdogo ageuke arudi nyumbani. Mayai ya kuku hukaa siku 21 katika joto la nyuzi kama 37.5. Likipanda sana yanaiva. Likishuka kwa muda mrefu kifaranga hufia ndani ya ganda. Kwa hiyo kuna kipimajoto kidogo cha umeme, kuna saketi ya kuamua, na kuna rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo huwasha na kuzima balbu ya kutoa joto. Saketi hiyo ndiyo inayohitaji bodi. Ikifanya uvivu saa nane za usiku, mayai thelathini ya mama ya mtu yamekwenda.

Wakubwa wetu waliokuwa kidato cha nne kabla yetu waliagiza bodi kutoka nje. Walichora vizuri kwa programu iitwayo KiCad, ambayo ni ya bure na yeyote anaweza kuipata, wakatuma mchoro kwa kiwanda kimoja kule Shenzhen, na mwalimu mmoja mwenye moyo akawalipia kwa kadi yake ya benki. Bodi zilikuja. Zilikuwa nzuri jamani! Kingo zimenyooka, rangi ya kijani inang'aa, na jina la shule limeandikwa kwa herufi nyeupe. Tulizishika kwa ncha za vidole. Ila zilifika baada ya mashindano ya kaunti ndogo kwisha, na walipojaribu kuingiza rilei miguu yake haikuingia mashimoni. Rilei waliyouziwa Nairobi ilikuwa na miguu mitano kama ile ya kwenye mchoro, lakini imepangwa tofauti. Kiwanda hakina lawama. Kilitengeneza kile kilichochorwa. Bodi zilikuwa tano, na zote tano zilikuwa na kasoro ile ile, kwa usafi ule ule. Ziko kabatini hadi leo.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme ninayosema. Mchoro wa kwanza wa saketi hauwi sahihi. Sisemi huwa nadra kuwa sahihi, nasema hauwi. Shimo litakuwa dogo, kipuri kitakosekana dukani upewe ndugu yake, njia mbili zitakaribiana mno. Hata transista mbili zinazofanana kama pacha, BC547 na PN2222, miguu yake imepangwa kinyume: ukizitazama upande ulio bapa, ile inaanza na kolekta mkono wa kushoto, hii inaanza na emita. Na muuza duka atakwambia, "Chukua hii, ni sawa tu." Kwa hiyo swali la maana si bodi ipi ni nzuri zaidi. Swali ni: nikishakosea nitajua lini, na nitarekebisha kwa siku ngapi? Ukiagiza nje utajua baada ya wiki tatu au nne. Ukiunda hapa utajua jioni ile ile, kabla ya kwenda kuchota maji.

Lakini nisiwadhulumu wenzangu. Hoja zao zina uzito, na baadhi yazo nilizipinga mkutanoni kwa mdomo tu huku moyo ukizikubali.

Hoja yao ya kwanza ni bei. Viwanda vya Shenzhen hutangaza bodi tano ndogo, zisizozidi sentimita 10 kwa 10, kwa dola 2 hivi. Hizo ni shilingi zisizofika 300! Huwezi kushindana na bei hiyo, hata ungekuwa na shaba ya kuokota. Ila dola 2 ni bei ya bodi ikiwa bado mlangoni kwa kiwanda. Njia ya kuja Murang'a ndiyo yenye gharama. Ukichagua usafiri wa bei nafuu unasubiri wiki nyingi; ukichagua wa haraka, nauli inaipita bei ya bodi mara kadhaa. Halafu kuna forodha na ushuru, na ile VAT ya asilimia 16 tunayoijua hata kwenye sabuni. Na mwanafunzi hana kadi ya benki, lazima ambembeleze mtu mzima.

Hoja ya pili ni ubora, na hapa naweka silaha chini. Bodi ya kiwandani ina mashimo yaliyopakwa shaba ndani, hivyo upande wa juu na wa chini huungana wenyewe. Ina ile rangi ya kijani inayozuia lehemu kutambaa na unyevu kula shaba. Mashine ya kuangulia ina maji ndani makusudi, kwa sababu mayai yanahitaji hewa yenye unyevu. Bodi yetu ya mkono, shaba yake ikiachwa wazi mle ndani, itaota kutu ya kijani baada ya miezi michache. Tunaweza kuipaka vanishi, na tunaweza kuiweka nje ya sanduku, lakini haitafikia ile ya kiwandani. Njia nyembamba kama unywele pia hatuziwezi. Kwa pasi na karatasi tunafikia nusu milimita hivi, chini ya hapo zinakatika. Yule wa kiwandani anacheza na vipimo vidogo kuliko hivyo mara tatu.

Hoja ya tatu ililetwa na mwalimu mlezi wa chama, naye hakuipigia kelele, ndiyo maana ilinikaa zaidi. Alisema, "Mtoto akichomwa na dawa, nani atamweleza mzazi wake?" Nitairudia hoja hiyo mbele, nikishaeleza kazi yenyewe inavyokwenda.

Kazi inakwenda hivi. Unachora saketi kwenye tarakilishi ya maabara, kisha unaichapisha kwa printa ya leza juu ya karatasi laini inayong'aa, kama zile za majarida ya mitindo. Lazima iwe ya leza, kwa sababu wino wake si maji, ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Unasugua bodi ya shaba kwa sufi ya chuma hadi ing'ae, unaweka karatasi juu yake kifudifudi, kisha unapiga pasi. Naam, pasi ile ile ya nguo, bila mvuke. Dakika kama tano, ukikandamiza. Halafu unaitupa majini, karatasi inalainika, unaimenya taratibu kwa kidole gumba, na wino unabaki umeshika shaba. Hapo moyo hudunda! Mahali pengine wino hukatika. Unapajazia kwa kalamu ya wino usiofutika.

Baada ya hapo bodi inaingia kwenye dawa: kloridi ya chuma, unga wa rangi ya manjano iliyokolea ambao ukiuyeyusha unakuwa kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Dawa hii hula shaba yote iliyo wazi na kuiacha ile iliyofunikwa na wino. Ikiwa baridi hula polepole, na asubuhi za Julai hapa kwetu mnazijua. Basi unaliweka beseni la plastiki ndani ya karai la maji ya moto na kulitikisa kidogo kidogo. Nusu saa hivi, njia zimejitokeza. Unasuuza, unafuta wino kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, kisha unatoboa mashimo kwa drili yenye ncha ya milimita 0.8 au 1. Unalehemu vipuri. Unawasha.

Mambo hayo nimeyaona kwa macho yangu kwa fundi mmoja wa redio pale Mukuyu, ambaye kibanda chake nakipita kila siku nikienda nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini asiagize bodi zilizo tayari, aliinua miwani yake. "Kijana wangu," akasema, "mwenye redio anaitaka kesho." Hakuongeza neno.

Hapo ndipo sisi wa shule ya kutwa tunapowashinda wenzetu wa bweni, ingawa tumezoea kujiona wadogo mbele yao. Wao wana prepu ya usiku na maabara yenye vifaa. Sisi saa kumi na moja lango linafungwa. Lakini kila jioni tunapita sokoni. Rezista ikikosekana leo, kesho asubuhi imo mfukoni. Kuna vibanda, kuna mafundi, kuna redio mbovu zinazouzwa kwa kilo. Tukingoja kifurushi kutoka Shenzhen tunaitupa faida hiyo moja tuliyo nayo.

Na kuna jambo jingine ambalo halikusemwa mkutanoni, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Bodi ikiagizwa nje, kazi yote hufanywa na mtu mmoja: yule mwenye zamu ya tarakilishi. Wengine tunasimama nyuma yake tukimpumulia shingoni. Mwaka ule wa bodi tano, chama kilikuwa na wanachama ishirini na watatu. Waliogusa mchoro ni wawili. Wengine walikuwa kama wale watu wa harusini wanaojua tu wakati wa pilau. Bodi ikiundwa hapa, kuna wa kusugua, wa kupiga pasi, wa kutikisa beseni huku akitazama saa, wa kutoboa, wa kulehemu na wa kupima kwa mita. Mwanafunzi mgeni asiyejua hata volti ni nini ataingilia kwenye kusugua, na baada ya mwezi utamkuta anamfundisha mwenzake. Somo la mkondo wa umeme tunalokariri kidato cha tatu, mambo ya upinzani na joto la waya, litakuwa na mahali pa kushikia.

Sasa ile hoja ya mwalimu. Ni kweli kwamba dawa hii si maji ya matunda. Inachoma macho, inachafua mikono, na tone moja likianguka kwenye shati la sare, hilo doa litakusindikiza hadi KCSE. Inakula chuma pia, hivyo sinki na mabomba ya maabara hayatapona. Vumbi la bodi wakati wa kutoboa ni la nyuzi za kioo, si la kuvuta puani. Dawa yake ni glavu, miwani ya maabara, kitambaa puani, madirisha wazi, na mwalimu au msaidizi wa maabara awepo kila mara. Tena napendekeza umeme wa volti 240 usipite kabisa kwenye bodi zetu za mkono; bodi ibaki na volti 5 au 12, na ule mkubwa uishie kwenye rilei iliyo katika kisanduku chake, iliyofungwa na mtu mzima anayejua.

Kubwa zaidi ni maji machafu. Dawa ikishatumika ina shaba ndani yake, na shaba ni sumu kwa samaki. Tukiimwaga mtaroni, mtaro unaelekea bondeni, bonde lina Mathioya, Mathioya inaingia Tana, na Tana inapita Masinga hadi Kipini baharini. Sisi tuunde kibao kimoja tumtilie sumu mtu wa mto mzima? La. Lakini hili nalo lina njia. Kwanza, dawa haimwagwi baada ya bodi moja. Inarudishwa kwenye chupa ya plastiki na kutumika mara nyingi hadi ichoke. Ikichoka, unatumbukiza misumari au sufi ya chuma, na shaba inajitenga na kuanguka chini kama matope mekundu, jambo ambalo mwalimu wa kemia anaweza kulifanya kuwa somo la kipindi kizima, maana chuma kina nguvu kuliko shaba na huinyang'anya mahali pake. Kisha unatia magadi kidogo kidogo, ile ile ya jikoni ya kulainishia maharagwe, hadi povu liishe na asidi itulie. Matope yanayobaki hayatupwi, yanawekwa kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi. Kwa bodi chache tunazounda kwa mwaka, mtungi mmoja utatutosha miaka na miaka.

Wapo wanaosema tuache yote mawili, twende Nairobi. Kwa kweli Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana iitwayo FabLab, moja ya zile zilizotokana na wazo la Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, na katika karakana za namna hiyo kuna mashine ndogo ya kuchonga shaba kwa ncha, bila dawa yoyote. Iko pia Gearbox, mahali pa wabunifu kutengenezea vitu vyao vya kwanza. Ningefurahi kuziona. Lakini Nairobi ni kama kilomita 85, nauli ya kwenda na kurudi inakula siku na pesa, na mwanafunzi wa kutwa hawezi kuomba ruhusa kila shimo likikosea. Afadhali tubishe hodi karibu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a kipo mjini hapa hapa. Kuuliza si ujinga, na barua ya mwalimu mkuu haigharimu kitu ila karatasi.

Wengine nao wanataja Nyeri. "Wenzetu," wanasema, "wanatengeneza chipu Dedan Kimathi, nyinyi mnapiga pasi!" Kweli, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyoanzishwa na Anthony Githinji, na Mei 2024 Rais Ruto alipozuru Washington suala la chipu lilikuwa miongoni mwa makubaliano na Marekani. Najivunia jambo hilo kama jirani. Lakini chipu si bodi. Chipu ni punje, bodi ni shamba. Na vijana watakaoajiriwa Nyeri watatoka wapi kama wengine wetu tunamaliza kidato cha nne bila kushika chuma cha kulehemu?

Ningependa pia tuangalie setilaiti yetu, Taifa-1, iliyorushwa 15 Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Ilikuwa kazi ya kampuni ya SayariLabs pamoja na EnduroSat ya Bulgaria. Miaka mitano kabla yake, Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa kutoka kituo cha anga kwa msaada wa Wajapani. Hakuna aliyewacheka wahandisi hao kwa kutafuta msaada ng'ambo. Nami siwacheki. Kuna kazi ambazo ni lazima zipelekwe kwa mwenye mashine. Waswahili husema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na methali hiyo ilipigwa kama ngoma mkutanoni na watu wa upande wangu, mimi sikuipenda. Aliyekwenda kwa seremala kununua kiti hakufa maskini. Amenunua kiti. Taabu ni kwenda kwa seremala kabla ya kujua watakaokikalia ni wangapi.

Kwa hiyo pendekezo langu haligawi chama mapande mawili. Linagawa kazi. Bodi ya kwanza, ya pili na hata ya tatu ziundwe hapa, kwa pasi na beseni. Zitakuwa na sura mbaya. Ziache ziwe hivyo. Tuziweke kwenye mashine halisi, na mayai sita tu ya kujaribia, siku zote 21. Rilei ikiingia, joto likitulia, vifaranga wakitoka, basi mchoro ule uliothibitishwa ndio utumwe Shenzhen, mapema, kabla ya likizo ya Desemba, kwa usafiri wa bei nafuu kwa sababu hapo hatutakuwa na haraka. Bodi tano zitakazokuja, moja itakwenda nasi kwenye maonyesho ikiwa na sura ya kupendeza majaji, na nne zitaingia kwenye mashine za watu walio tayari kuzitumia nyumbani. Tukifuata mpango huo, rangi ya kijani na mashimo yaliyopakwa shaba vitakuwa vimelinda kitu kinachostahili kulindwa.

Hesabu nimeifanya na mweka hazina. Bodi za shaba, kloridi ya chuma, ncha za drili, glavu, miwani miwili na mtungi hazifiki shilingi 4,000 kwa bei tulizoulizia River Road na Luthuli. Drili ndogo ya mkono tutaazima. Fundi wa Mukuyu amekubali kwa sharti kwamba ncha zikivunjika ni zetu. Pasi ipo, ila ni lazima iwe ya kazi hii tu, isirudi tena kwenye nguo za mtu. Shilingi 5,000 zilizobaki zikae kwa ajili ya kuagiza bodi na kulipia usafiri na ushuru.

Kinachokosekana ni chumba. Nyuma ya maabara kuna stoo iliyojaa viti vilivyovunjika tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Ina dirisha kubwa na bomba la maji, na sakafu yake ni ya saruji. Ombi letu kwa mwalimu mkuu liko mezani kwake. Kura ya chama ni Jumatano saa kumi na robo, na wanachama wa Chama cha Kiswahili wanaotaka kuja kusikiliza hawatafukuzwa. Mwenye redio iliyokufa nyumbani na aje nayo, mradi aombe ruhusa ya mwenyewe kwanza.